Kabla hujasema "ile ni damu ya wizi", uliza kwanza alizaliwaje (uzi mrefu, mnivumilie)

#1 Mkunga wa Mbagala

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuandika vipande vipande kama wiki mbili hivi, usiku baada ya shifti, kwa hiyo mkiona pameruka niulizeni ntajazia.

Juzi kati mtaani kwetu kulikuwa na msiba. Wanawake tupo nyuma tunamenya vitunguu, likatajwa jina la kijana mmoja yuko jela kwa unyang'anyi, alimchoma mtu kisu kwa ajili ya simu. Mama mmoja akasema, ile ni damu, baba yake naye alikuwa hivohivo, mtoto wa nyoka ni nyoka. Wote wakaitikia. Mimi sikusema kitu, nikaendelea kumenya, ila usiku sikulala vizuri, maana yule kijana nilimzalisha mimi mwaka 1998 na ninayoyakumbuka ya siku ile hayamhusu baba yake hata kidogo.

Mama yake alikuwa binti wa miaka 17. Alifika kwetu uchungu umemshika tangu asubuhi ya jana yake, sehemu ya kwanza aliyopita walimwambia njia bado nenda katembeetembee, katembea mpaka nguvu zimeisha. Mtoto katoka kalegea kama kitambaa, rangi ya bluu, kanywa maji machafu, halii. Tulimpigania. Nakumbuka niliangalia saa ya ukutani alipovuta pumzi ya kwanza ya maana, zilikuwa zimeshapita kama dakika nane. Tukashukuru Mungu tukahamia kwa mzazi mwingine, maana siku hiyo tulikuwa wawili tu wodi nzima. Nilipompelekea yule binti mtoto wake aligeukia ukutani. Alikuwa amefukuzwa kwao, na ile mimba alishahangaika kuitoa kwa dawa za miti, alituambia mwenyewe wala hakuficha. Mtoto hajafikisha mwaka binti akaondoka, kichanga kikabaki kwa bibi yake mzaa mama ambaye naye alikuwa hamtaki, anamwita "mkosi". Hayo yote mtaa mzima ulikuwa unayajua, ila pale msibani lililokumbukwa ni damu tu.

Sasa miaka mingi baadaye nikarudi shule kuongeza elimu, nikakutana na utafiti wa Denmark ambao nikiusoma ni kama nasoma faili la yule mtoto. Adrian Raine na wenzake, mwaka 1994. Walichukua wavulana 4,269 waliozaliwa hospitali moja kubwa pale Copenhagen, Rigshospitalet, kati ya 1959 na 1961. Wakaangalia vitu viwili. Cha kwanza, je kuzaliwa kwake kulikuwa na shida: mtoto alitanguliza makalio, kitovu kilitangulia, alivutwa kwa koleo, mama alikuwa na dalili za kifafa cha mimba, uchungu ulikuwa mrefu kupita kiasi. Cha pili, je mama alimkataa: hakuitaka mimba, alijaribu kuitoa, au mwaka wa kwanza mtoto alilelewa kwenye taasisi badala ya nyumbani. Wakasubiri wavulana wakue mpaka miaka 18 hivi, afu wakafungua rekodi za polisi na mahakama.

Matokeo yake ndo yalinifanya nifunge kitabu nikakaa kimya. Waliozaliwa kwa shida lakini wakapokelewa vizuri, hawakuwa na tofauti ya maana na wengine. Waliokataliwa lakini walizaliwa salama, nao hivohivo. Ila wale waliopata vyote viwili, walikuwa asilimia 4.5 tu ya kundi zima, na hao wachache walibeba asilimia 18 ya makosa yote ya ukatili. Na ilikuwa kwenye ukatili tu, wizi wa kawaida usio wa kumuumiza mtu haukuonyesha hivyo.

Naomba hapo mtulie kidogo maana ndo kiini cha uzi wote. Vitu hivi vikiwa kimoja kimoja mtoto anavibeba na anavuka, shida inaanza vikikutana.

Kwa nini vikutane ndo iwe balaa? Ntawaambia ninavyoona mimi wodini, sio kitabu. Mtoto aliyechoka wakati wa kuzaliwa hewa imepungua kichwani, na akipona mara nyingi ni mtoto mgumu. Hanyonyi vizuri, anashtukashtuka, analia usiku kucha na huwezi kujua analilia nini, ukimbeba anajinyoosha kama hataki. Yaani huyu anahitaji mapaja yenye subira mara tatu ya mtoto wa kawaida, na sasa ndo huyohuyo kaangukia kwa mtu asiyemtaka kabisa. Anakosa alichokihitaji zaidi kuliko wengine. Sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ndo breki ya mtu, ndo inakwambia subiri, usimpige, fikiria kesho. Breki hiyo haizaliwi imekamilika, inajengwa miaka na miaka, na mjenzi mkuu wa mwanzo ni yule anayekubeba na kukubembeleza ukilia. Kama kiwanda kilipata hitilafu na fundi naye hakuja, basi.

Turudi kwenye damu, maana sitaki mtu aseme nimeikwepa. Damu ina mchango wake, siwezi kudanganya. Hukohuko Denmark Sarnoff Mednick na wenzake (1984) waliangalia watoto zaidi ya 14,000 waliochukuliwa wakalelewa na watu wasio ndugu zao, hapo unaweza kutenganisha aliyekuzaa na aliyekulea. Kwa wavulana ambao wazazi wa pande zote mbili, wa kuzaa na wa kulea, hawajawahi kuhukumiwa, waliokuja kuhukumiwa wenyewe walikuwa 13.5 kwa mia. Ambao mzazi wa kuzaa alihukumiwa ila waliomlea ni watu safi, 20 kwa mia. Pande zote mbili wakiwa na hukumu, 24.5. Kwa hiyo ndiyo, kuna kitu kinapita. Lakini geuza hesabu uiangalie upande wa pili: katika vijana 100 wenye hiyo "damu ya wizi" waliolelewa na watu safi, 80 hawakuhukumiwa kwa lolote! Themanini. Na ule uhusiano wenyewe ulionekana kwenye makosa ya mali, kwenye kuumiza watu haukuonekana. Sasa yule mama wa msibani angejua haya angesema nini kuhusu kisu?

Kuna watu mmesikia habari ya "jeni ya ugomvi". Ilianza 1993, Han Brunner wa Nijmegen kule Uholanzi alikuta familia moja ambayo wanaume wake kadhaa walikuwa na ulemavu mdogo wa akili na hasira za ghafla, wanachoma moto nyumba, wanashambulia watu, na wote walikuwa na hitilafu kwenye jeni moja inayoitwa MAOA, kazi yake kuvunjavunja kemikali za ubongo kama serotonini. Hitilafu ile kamili ni adimu sana, usije ukadhani jirani yako anayo. Ila kuna aina ya kawaida ya hiyo jeni inayofanya kazi pole pole, na wanaume wengi tu wanayo. Mwaka 2002 Avshalom Caspi na Terrie Moffitt wakaitafuta kwa wavulana wa Dunedin, New Zealand, wale waliofuatiliwa tangu wazaliwe 1972 na 1973, watoto 1,037 jumla. Waliokuwa na jeni ya pole pole na hawakuteswa utotoni, hawakuwa wakorofi kuliko wengine. Walioteswa na wana jeni hiyo, walikuwa asilimia 12 ya wavulana waliochunguzwa na walibeba asilimia 44 ya hukumu za ukatili. Tafiti zilizofuata sehemu nyingine nguvu yake imeonekana ndogo kuliko hapo, nyingine hazikuikuta kabisa, kwa hiyo msiichukue kama Biblia. Lakini mnaona inavyoongea lugha moja na ile ya Copenhagen? Vitu viwili vimekutana tena.

Mwisho kwa leo, chakula. Hii ni ya hukuhuku kwetu Bahari ya Hindi, kisiwa cha Mauritius. Mwaka 1972 watafiti walianza kupima watoto 1,795 wa miaka mitatu kutoka miji ya Quatre Bornes na Vacoas. Waliangalia vitu ambavyo mama yeyote wa kliniki anavijua: midomo iliyochanika pembeni, nywele zimekuwa nyekundu nyekundu na nyepesi za kwashiakoo, upungufu wa damu. Watoto waliokuwa na dalili hizo wakiwa na miaka mitatu, walipofika 8 walikuwa wakorofi zaidi, 11 hivyohivyo, 17 hivyohivyo, na kadiri dalili zilivyokuwa nyingi ndivyo ukorofi ulivyozidi. Hao hao watoto walipimwa na mapigo ya moyo, wenye moyo unaopiga taratibu wakiwa wametulia walikuwa wagomvi zaidi walipofika 11. Wanasema mwili usiotishika kirahisi hauogopi kuadhibiwa, na mwingine hutafuta vituko ili ajisikie yupo. Lakini moyo huohuo wa taratibu umekutwa kwa wanajeshi wa Uingereza waliopewa nishani kwa kutegua mabomu, kwa hiyo ni mtaji ambao unategemea uliwekezwa wapi.

Na hapa ndo pananipa nguvu ya kuamka asubuhi. Watoto 100 wa pale waliingizwa kwenye shule mbili maalum za chekechea kwa miaka miwili, kuanzia miaka mitatu mpaka mitano. Hawakupewa kitu cha ajabu. Maziwa, juisi ya matunda, mlo wa moto wenye samaki au kuku au nyama ya kondoo na kachumbari, michezo, kutembea nje kuangalia miti, walimu waliofundishwa vizuri. Walipofika 17 walikuwa na ukorofi mdogo kuliko wenzao waliofanana nao kila kitu, na walipofika 23, ukiwauliza makosa waliyotenda, yalikuwa pungufu kwa kama theluthi moja. Na faida kubwa zaidi ya hiyo ya miaka 17 waliipata wale waliokuja na utapiamlo. Samaki na kutembea nje, jamani. Nchi yetu hii bado watoto 30 kwa kila 100 chini ya miaka mitano wamedumaa kwa takwimu za 2022, na inayoongoza ni Iringa, mkoa unaolisha wengine mahindi.

Nimechoka macho, ntaendelea kwenye majibu. Karibuni.

#2 Kisiki cha Mvule

Mkunga heshima yako, nimesoma mpaka mwisho. Lakini mi naona unawatafutia wezi kisingizio. Mimi nilizaliwa shambani mama kaenda kulima, kitovu kilikatwa kwa wembe, tulikuwa tunakula mara moja kwa siku na mwezi wa pili hata hiyo moja haipo. Sijawahi kuiba hata embe. Mwaka 2022 hawa Panya Road, magenge ya vijana wa mapanga, waliingia kwa mdogo wangu usiku wakamkata mapanga mkono mpaka leo haukunjiki, sasa nikae nianze kuuliza mama zao walijifungua vipi? Mtu akishika panga ameamua mwenyewe.

#3 Mkunga wa Mbagala

Kaka Kisiki kwanza pole sana kwa mdogo wako, na hilo nalisema kwa moyo wote, mkono usiokunja ni maisha yote. Sijasema aachiwe mtu. Aliyechomwa kisu na yule kijana wa kwetu pia ni mtoto wa mtu, na mahakama ilifanya kazi yake.

Ninachosema ni kitu kingine. Wewe umejitaja, na mimi nakuuliza tu, ulipokuwa unalia usiku nani alikuwa anaamka? Maana umeanza kwa kusema "mama". Umekuwa na njaa, umezaliwa shambani, lakini ulikuwa na mtu. Ndo maana nikasema kikiwa kimoja mtoto anavuka, na wengi wanavuka hata na vitatu, hatari sio hukumu. Mtu anayevuta sigara hapati kansa kwa lazima ila hakuna daktari atakayesema basi vuteni.

Na kuna faida ya kuuliza mapema, ndo kitu kinachoniuma. Kule Elmira, mji mdogo jimbo la New York, David Olds mwishoni mwa miaka ya sabini alichukua akina mama 400 wenye mimba ya kwanza, wengi mabinti wadogo, maskini, wasio na mume. Kundi moja wakawa wanatembelewa na nesi nyumbani tangu wajawazito mpaka mtoto ana miaka miwili. Nesi anafika, anakaa, anaongea habari za kula, kuacha sigara, namna ya kumtuliza mtoto, mipango ya binti mwenyewe. Watoto walipofika miaka 15 wale waliotembelewa walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi kuliko ambao hawakutembelewa. Nesi na viatu vyake tu. Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii kila mtaa, wanapita na daftari wanauliza vyoo na chandarua. Waongezewe swali moja: huyu mtoto anapendwa hapa ndani? Yule binti wa 1998 angetembelewa hata mara tano mwaka ule, labda mdogo wa mtu mwingine asingechomwa kisu.

#4 Mjomvu

Salaam aleikum nyote. Mimi niko Mombasa, Jomvu. Bi Mkunga umezungumza chakula na kuzaliwa lakini umesahau sumu. Hapa kwetu Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za gari, kuanzia 2007 hivi hadi kilipofungwa 2014. Moshi ulikuwa ukiingia majumbani, maji yanapita mtaani watoto wanacheza humo. Bi Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa hapo hapo, mwanawe mchanga akaugua, kupimwa akapatikana ana madini ya risasi (lead) mwilini, ameipata kwa maziwa ya mama yake. Ndiyo akaanza kupigana mpaka akapewa tuzo ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru watu walipwe bilioni 1.3 za Kenya, rufaa zikafuata. Wanaozungumza ni vifo na figo na mimba kuharibika. Lakini mimi nina mpwa wangu alikulia hapo, sasa ni kijana, hawezi kukaa na jambo, kidogo tu ashavunja kitu. Je hilo nalo laweza kuwa?

#5 Mkunga wa Mbagala

Mjomvu waleikum salaam kaka, na ahsante sana kwa hili, nilikuwa nimeliweka pembeni nikiogopa uzi kuwa mrefu, kumbe ndo lilitakiwa liwe juu.

Kwa mpwa wako mmoja mmoja siwezi kusema ndiyo au hapana, hakuna anayeweza kwa kuangalia tu tabia. Lakini kwa jumla ndiyo, risasi inahusika. Mwili unaidhania kalsiamu. Inaingia kwenye mifupa ya mama, akibeba mimba mifupa inaachia kalsiamu kumpa mtoto na risasi inatoka nayo, inavuka kondo la nyuma, inafika kwenye ubongo ambao ndo kwanza unajengwa. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kule Cincinnati Marekani walianza 1979 kupima damu za wajawazito wa mitaa ya nyumba za zamani zenye rangi ya risasi, wakaendelea kupima watoto walivyokua. 2008 wakatoa majibu, hao watoto sasa ni watu wazima: kadiri risasi ilivyokuwa nyingi tumboni na utotoni ndivyo walivyokamatwa mara nyingi zaidi, na makosa ya ukatili yamo.

Na tusidhani ni Owino Uhuru tu. Petroli yenye risasi nchi zetu za kusini mwa Sahara ilikoma rasmi mwanzoni mwa 2006. Mtoto aliyezaliwa miaka ya tisini akakulia chumba kinachotazama barabara kuu aliivuta kila siku. Sasa hivi niangalieni mafundi wanaopasua betri uani watoto wakiwa hapohapo, na sufuria za kusubu zinazoyeyushwa kutoka vyuma chakavu hujui ndani kuna nini.

Huyo mpwa apimwe damu kama mnaweza, ila jueni kipimo cha leo kinaonyesha hasa risasi ya siku za karibuni, iliyopita utotoni inaweza isionekane. Chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu kinasaidia risasi isinyonywe sana, dagaa na mboga za majani. Na asiambiwe ni mwehu. Aambiwe alivuta sumu ambayo hakuichagua, kwake breki zinachelewa kushika na anaweza kujifunza kukaa mbali na mtelemko.

#6 Ticha wa Kidato cha Pili

Uzi mzuri. Swali la mwalimu: mimi darasani nina vijana 70, kumi na tano hivi ni watukutu wa kutupwa, wanaruka ukuta, bangi, kupigana. Kwa mtindo huu wote walizaliwa wamechoka? Na je fimbo, maana mi nilichapwa na nikanyooka.

#7 Mkunga wa Mbagala

Mwalimu hapana, sio wote, na hapo Terrie Moffitt alisaidia sana mwaka 1993. Aligawa makundi mawili. Kuna kundi kubwa linaloanza ukorofi balehe, 13, 14, wanaiga wenzao, wanataka waonekane wakubwa, wakifika ishirini na kitu wakipata kazi na mchumba wanaacha wenyewe. Na kuna kundi dogo, kwa wavulana wa Dunedin kama mmoja kati ya kumi, ambao ukiuliza nyumbani utaambiwa huyu toka ana miaka mitatu anauma wenzake. Hao ndo ukichimba nyuma unakuta ubongo uliopata shida mapema na nyumba yenye shida, vimekutana. Shuleni wanakaa dawati moja na wanafanya kosa moja, huwezi kuwatofautisha kwa kuangalia kosa. Uliza alikuwaje chekechea. Watukutu wako kumi na tano pengine wawili watatu ndo wa kundi hilo, wengine usiwapotezee shule kwa kuwapa jina ambalo litawaganda.

Fimbo najua ntagombana na wengi. Kuna utafiti wa hapahapa Tanzania wa 2014, Tobias Hecker na wenzake, watoto 409 wa shule ya msingi. Zaidi ya 95 kwa mia walishachapwa na mwalimu, na nyumbani vilevile. Yaani karibu wote, na watoto waliochapwa sana nyumbani ndo walikuwa na ukorofi zaidi. Utasema wamechapwa kwa sababu ni wakorofi, inawezekana, ule utafiti ulipima mara moja tu kwa hiyo hauwezi kutenganisha kilichotangulia. Ila kama fimbo ingekuwa inanyoosha, kwa kiasi tunachochapa nchi hii tungekuwa tumenyooka wote. Na yule mwenye moyo wa taratibu niliyemsema, fimbo haimtishi kabisa, inamfundisha tu kwamba mwenye nguvu anapiga.

#8 mama_wawili

Dada Mkunga samahani nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi. Nina mtoto wa kiume miaka sita. Baada ya kusoma nimeenda kufungua bahasha nikatoa kadi ya kliniki, sijawahi kuiangalia ile sehemu. Imeandikwa Apgar 3 afu pembeni 6. Nilikaa na uchungu siku mbili. Yeye toka mdogo hatulii, shule wameniita mara tatu anauma wenzake, wiki iliyopita kampiga mwenzake jiwe. Baba yake kaondoka mimba ina miezi mitano. Mimi nimekuwa namchapa sana, nasema ukweli wa Mungu, kuna siku nilimwambia natamani nisingekuzaa. Nimekaa hapa nalia. Nimechelewa?

#9 Kisiki cha Mvule

Dada usilie. Mimi ndo niliyebisha hapo juu. Mkunga mjibu huyu kwanza, sisi wengine tutasubiri.

#10 Mkunga wa Mbagala

Mdogo wangu, hujachelewa. Miaka sita ubongo bado unajengwa na utaendelea mpaka apite ishirini.

Kwanza hiyo namba. Apgar ni alama, 0 mpaka 10, tunazompa mtoto akitoka kwa kuangalia pumzi, moyo, rangi na nguvu zake. 3 ni dakika ya kwanza, 6 ni dakika ya tano. Maana yake alitoka amechoka na aliyekuzalisha akampigania akapanda. Apgar sio utabiri, wengi wa namba hizo wako vyuo vikuu. Inakwambia tu kwamba huyu anaweza kuwa alianza mbio na mguu mmoja unauma.

Wiki hii mpeleke kliniki ya watoto ya hospitali ya rufaa ya mkoa, nenda na hiyo kadi usiiache. Mwambie daktari maneno haya: alizaliwa amechoka, hatulii, anauma, anapiga. Omba apimwe masikio na macho, maana mtoto asiyesikia vizuri anagombana sana na watu hawajui. Apimwe damu na minyoo. Mweleze kama huwa anazubaa ghafla sekunde kadhaa macho yanakodoa ukimwita haitiki, hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa na ina dawa. Mwulize kama kuna mtaalamu wa mazoezi tiba wa watoto.

Nyumbani, fimbo weka chini kabisa kuanzia leo. Akianza kuchemka mtoe pale alipo kabla hajapiga, mkumbatie kwa nyuma kwa nguvu kiasi mpaka apumue taratibu, usiongee sana. Amri moja moja, fupi, umemwangalia machoni. Akitulia hata dakika tano mwambie umeona. Jioni mtoke mtembee, akimbie achoke. Uji wake utie karanga, dagaa mara nyingi uwezavyo, yai ukipata. Alale mapema.

Shuleni nenda wewe mwenyewe usisubiri kuitwa mara ya nne, mwombe mwalimu amkalishe mbele na ampe kazi ya kusimama simama, kufuta ubao, kugawa madaftari.

Na lile neno ulilomwambia. Watoto wanakumbuka, sitakudanganya. Leo akiwa amelala kitandani kaa pembeni mwambie ulikosea kusema vile, mwambie alipozaliwa alikuwa hapumui na watu walimpigania na wewe ulikuwa pale unamsubiri. Mhadithie siku ile yote. Afu uniambie kesho alisemaje.

#11 mama_wawili

Nimemwambia. Aliuliza, "walinipigania kina nani?" Nikasema nesi. Akauliza anaitwa nani, nikasema simjui jina. Akasema twende tukamuulize. Jumatatu tunaenda hospitali, kadi nimeiweka kwenye pochi tayari.